Ng'ombe ana jina, aliyemwosha hana

Najua vile wewe na marafiki zako hufanya mkienda maonyesho ya ASK hapa Nakuru. Mnapanda bembea, mnakula chipsi, mnapiga selfi, kisha mnarudi tao. Nilifanya hivyo miaka yote ya sekondari. Safari hii anzia kwa mabanda ya ng'ombe. Na usimwangalie ng'ombe. Mwangalie kijana wa dasti koti nyeupe aliyeshika kamba.

Nilikuwa yeye. Baada ya kuacha chuo (karo, hadithi ndefu, si ya leo) nilipata kazi ya miezi mitatu kwenye shamba moja upande wa Njoro, kutayarisha ng'ombe wa maonyesho. Nilidhani ni kuzoa mavi na kubeba nyasi. Manze, wacha nikwambie.

Saa kumi na moja alfajiri uko macho, na baridi ya Njoro labda umeisikia tu. Kwanza ni kutoa matandiko yaliyolowa. Friesian akilalia mavi usiku, lile doa la manjano kwenye paja jeupe litakutesa wiki nzima, kwa hivyo vita vinashindwa au kushindwa hapo kwa matandiko, si kwa sabuni. Kisha kukama, kila ng'ombe na kitambaa chake cha kupangusa chuchu. Halafu brashi, kutoka shingoni kurudi nyuma, ukifuata vile manyoya yanalala. Watu hucheka hiyo brashi, ati ng'ombe anaenda saluni. Lakini mkono wako ndio unaokutana na kupe chini ya mkia, kidonda kwenye goti, uvimbe mdogo kwenye kiwele kabla maziwa hayajaharibika. Daktari wa mifugo akija alikuwa ananiuliza mimi, si mwenye shamba.

Jioni ni kamba. Mnyama wa zaidi ya kilo 500 huwezi kumvuta, hata uwe mtu wa gym. Unamwongoza hatua tatu, mnasimama, unalegeza kamba, unamkuna chini ya kidevu. Hatua tatu tena. Wangu alinikanyaga mara mbili wiki ya kwanza. Kufikia mwezi wa pili alinifuata kamba ikining'inia tu.

Kwato hupunguzwa wiki kadhaa mapema, kwa sababu akichechemea mbele ya jaji mmekwisha. Kunyoa kunangoja siku za mwisho: kichwa, shingo, tumbo, na kiwele ili mishipa ya maziwa ionekane. Mgongoni unaacha nywele kiasi, uzisimamishe, mstari uonekane umenyooka. Kinyozi wa mtaani akikuharibia kichwa unavaa kofia. Ng'ombe hana kofia.

Kuna kitu nilikataa. Usiku wa kuamkia siku ya jaji niliambiwa nisimkame, ili kiwele kijae kipendeze. Ni hila inayojulikana kwenye maonyesho ya maziwa duniani kote, na inamuumiza mnyama. Nilimkama. Tuligombana hapo, sitakudanganya, na bado naona nilikuwa sawa.

Alishinda kitengo chake. Kipaza sauti kikataja jina lake, jina la babake, jina la shamba, jina la mwenyewe. Kenya Stud Book imekuwa ikiweka rekodi za ukoo wa ng'ombe kama hawa tangu 1920, kwa hivyo nyanyake anajulikana, na nyanya wa nyanyake. Mimi nilikuwa "kijana, msimamishe vizuri tupige picha."

Na jina si jambo dogo. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliripoti kwamba mashamba ambako kila ng'ombe anaitwa kwa jina lake yalipata wastani wa lita 258 zaidi kwa ng'ombe kwa mwaka. Sasa kama jina lina faida kwa ng'ombe, la mfanyakazi linapunguza nini?

Utaniambia mwenyewe ndiye aliyenunua chakula, akalipa daktari, akabeba hasara yote. Ni kweli, na kikombe ni chake, sikitaki. Lakini Marekani kuna watu ambao kazi yao ni hii tu, kunyoa na kupamba ng'ombe wa maonyesho, na wanalipwa kwa siku kama fundi yeyote mwenye jina. Hapa kwetu, kati ya Naivasha na Molo, kuna vijana wenye mikono hiyo hiyo wanaoandikwa kama vibarua, na maonyesho yakiisha wanaambiwa asante, tutakupigia.

Ninachotaka ni kidogo. Kwenye kadi inayobandikwa juu ya banda, chini ya jina la mwenyewe, kuwe na mstari mmoja: ametayarishwa na fulani. Mwenye shamba wa jirani akipita, ajue wa kumpigia simu mwaka ujao. Na wewe ukipewa kazi hii, ulizia huo mstari siku ya kwanza, pamoja na malipo, kabla hujashika brashi. Mimi niliuliza mwisho, nikaonekana msumbufu.

Ile picha ilitundikwa ofisini kwa shamba. Niliiona nilipoenda kudai pesa zangu za wiki ya mwisho. Ng'ombe amesimama sawa kabisa, mwenyewe anatabasamu na kikombe, na upande wa kushoto, pale walipokata picha, unaonekana mkono umeshika kamba.