Mtu Mzima na Sungura wa Katuni
Juma hili, katika darasa la ngumbaru hapa Machakos, nilimtazama mama mmoja muuza mboga, mtu wa makamo mwenye haiba yake, akiwekewa mbele yake kompyuta iliyomwamuru kwa maandishi ya Kiingereza abonyeze kisanduku cha kijani, ilhali kusoma amri kama ile ndiko hasa kulikomleta darasani. Na alipofaulu kwa msaada wa mwalimu, akatokea sungura wa katuni kumpigia makofi kama mtoto wa chekechea. Alitabasamu kwa adabu tu. Nilihuzunika, maana tangu Idara ya Elimu ya Watu Wazima ilipoundwa mwaka 1979, walimu wetu wamekuwa wakishuhudia kwamba mtu mzima husoma kwa haja: leo ni ujumbe wa M-Pesa, kadi ya kliniki, stakabadhi ya soko. Tena aliyezoea Kiswahili, ambamo irabu haigeuki sauti yake, huhitaji sauti ya taratibu, yenye lafudhi aijuayo, imweleze mara nyingi apendavyo kwamba a ya “cat” siyo a ya “cake”. Mwenye kiu hupewa maji, hapewi picha ya mtungi. Nasema bila kusita: programu isiyomstahi mtu mzima haimfai, hata ikitolewa bure. Enyi wanunuzi na wafadhili, kabla ya kutoa hata shilingi moja, mketisheni mwanafunzi mwenyewe mbele ya mashine isiyo na intaneti, mwalimu akae kando, mwone kama ataweza kulianza somo peke yake.