Kumtii Mungu na Kibanja cha Mjane

Katika makanisa ya huku kwetu Rubafu, na pande zote za Bukoba na Muleba, neno utii husikika kila Jumapili. Watoto hufundishwa kuwatii wazazi, na waumini kuwasikiliza wachungaji wao. Hayo ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo wengi huliogopa, nalo ni kumtii Mungu mpakani mwa kibanja. Twasema wazi: amtiiye Mungu kanisani na kumwasi katika urithi, huyo hajamtii bado.

Yafanyikayo yajulikana. Mume akifa, ukoo hukaa kugawa migomba na mibuni. Mjane, hasa asiye na mtoto wa kiume, huambiwa arudi kwao. Binti huambiwa kwamba ardhi ya ukoo aweza kuitumia maisha yake, lakini kuiuza hawezi. Tangu ukimwi ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, wajane na yatima waliongezeka sana, na ugomvi huu ukaingia nyumba nyingi. Tena waketio katika vikao hivyo si wapagani, wengi wamebatizwa.

Wao hujitetea kwa mila, na wajuao Maandiko huongeza kwamba Nabothi alikataa kumpa Ahabu shamba la baba zake. Basi na waisome tena habari hiyo. Nabothi ndiye aliyekuwa mwenye shamba, na aliyemnyang'anya ndiye aliyehukumiwa. Wasome na Hesabu sura ya 27: mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao asiye na mwana, na Mungu akasema wana haki. Ni kweli, sura ya 36 yawaagiza waolewe katika kabila lao ili ardhi isihame; lakini hata hapo hawakunyang'anywa kitu.

Mwaka 1988, katika Wilaya ya Muleba, mama mmoja aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mtu wa ukoo wake alishtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikayabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikaipindua hukumu hiyo. Mwezi Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Mwanza akaithibitisha haki ya mama yule, akasema mwanamke asibaguliwe: aliye wa ukoo, akitaka ardhi isitoke, na aikomboe kwa kulipa bei yake ndani ya miezi sita. Ndivyo ilivyo hata katika Walawi sura ya 25: ndugu hukomboa kwa fedha, hanyang'anyi. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikazibatilisha mila zimnyimazo mwanamke haki ya ardhi. Je, si aibu mahakama ya dunia kuwatangulia wasomao Biblia?

Mfalme Sauli aliwaacha hai kondoo na ng'ombe wanono wa Waamaleki, akasema ni wa kumtolea Mungu sadaka. Samweli akamkemea, kwa kuwa sadaka haifuti uasi. Vivyo hivyo apelekaye kanisani fedha ya kahawa iliyochumwa katika kibanja cha mjane aliyefukuzwa, apeleka kondoo wa Sauli.

Ng'ambo ya mpaka, huko Namugongo katika Buganda, tarehe 3 Juni 1886, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto kwa kuwa walimtii Mungu kuliko Kabaka Mwanga. Mkristo wa leo huku kwetu hadaiwi mwili wake uchomwe. Adaiwa kuiacha migomba isiyo yake, na kustahimili maneno ya ndugu zake. Akishindwa na hilo dogo, asijisifu kwamba angeliweza lile kubwa.

Basi twawasihi wasomaji. Mwenye kibanja aandike wosia angali hai, mbele ya mashahidi, na mkewe na binti zake wawemo. Mzee wa kanisa, aketipo katika kikao cha ukoo, anene kama Mkristo, wala asinyamaze kwa kuogopa kuitwa msaliti wa mila. Na mjane akililia haki yake, kanisa lisimwambie avumilie tu, bali limsindikize hata mahakamani. Mungu aliyewasikia mabinti wa Selofehadi ndiye yule yule tumwabuduye leo.