Kipevu: Sheria ya ardhi humfaa anayepinga mapema

WAKAZI wa Kipevu, katika eneobunge la Changamwe, Mombasa, wamezungukwa na mitambo ya umeme, matangi ya mafuta, reli na yadi za makontena. Kila ploti ya makao inapogeuzwa kuwa ghala au yadi, swali huwa lile lile: nani aliidhinisha, na majirani waliulizwa lini?

Jibu limo katika Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Kwa bahati mbaya, wengi huisikia sheria hii siku tingatinga linapofika mlangoni.

Ujirani wa viwanda na makao si jambo geni hapa. Gati la mafuta la Kipevu lilijengwa 1963. Mitambo ya umeme ya dizeli ilifuata mwishoni mwa miaka ya tisini, na 2016 kikafunguliwa kituo cha pili cha makontena. Mnamo 2022 lilizinduliwa gati jipya la mafuta lililogharimu takriban Sh40 bilioni, lenye uwezo wa kuhudumia meli nne kwa wakati mmoja.

Watu nao waliongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika Mombasa. Ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Wengi hufuata kazi, nayo kazi iko bandarini. Kwa hivyo si rahisi kusema viwanda viondoke, wala haiwezekani kusema watu wasikae karibu. Kinachohitajika ni mpaka unaojulikana kati ya makao na shughuli za hatari.

Kifungu cha 66 cha Katiba kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango. Maana yake ni kwamba hatimiliki pekee haimpi mwenye ploti uhuru wa kujenga apendavyo. Ni lazima apate idhini ya serikali ya kaunti, na vivyo hivyo anapotaka kubadilisha matumizi. Anayekiuka hukabiliwa na faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Sheria humtaka pia mwombaji kuufahamisha umma kuhusu mradi wake ili wenye pingamizi wajitokeze. Lakini muda haumsubiri mtu. Iwapo kaunti haitamjibu mwombaji kwa maandishi katika siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya upangaji, kabla ya kuelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Muda huo mfupi huwaumiza zaidi wenye nyumba zisizo na ardhi, desturi ya miaka mingi hapa Pwani, ambapo mtu humiliki nyumba lakini kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi. Mwenye kiwanja akitaka kubadilisha matumizi, mwenye nyumba hana hatimiliki ya kujikingia. Pingamizi lililowasilishwa mapema huenda likawa sauti yake ya pekee.

Gharama ya kuchelewa ilionekana Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani ulio karibu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi hapo 2007, kikipakana na nyumba za watu. Kufikia kilipofungwa 2014, sumu ya risasi ilikuwa imeingia katika damu ya wakazi, wakiwemo watoto.

Mnamo Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, ikiwatwika lawama wenye kiwanda pamoja na asasi za serikali. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ilikuwa miaka 17 tangu kiwanda kiwashwe. Ushindi huo ni mkubwa, lakini hakuna hukumu inayoweza kumrudishia mtoto afya iliyoharibika.

Wala hatari ya mafuta si ya kubuni. Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yalishika moto katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na kuua watu zaidi ya 100. Changamwe ndiko bomba la kuelekea bara linakoanzia.

Mzigo mkubwa ni wa kaunti. Haitoshi ramani za mipango kuwekwa afisini. Zinapasa kubandikwa katika afisi za wadi, kwa lugha inayoeleweka, zikionyesha wazi ploti zipi ni za makao na zipi za viwanda. Hali kadhalika, maombi ya kubadilisha matumizi yasiachwe yakapita kwa kunyamaziwa.

Kwa upande wao, wakazi wanapoona tangazo kwenye ua la jirani wanafaa kuliandikia afisi ya mipango ya kaunti mara moja, kwa pamoja ikiwezekana, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Barua hiyo haina gharama kubwa, na huwasilishwa kabla mashine hazijawashwa.