Mgema Akisifiwa: Juu ya Picha Tunazoonyeshana



Juma hili tunaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Linawahusu vijana wetu, na wazee wachache pia, walionunua kamera au waliogundua kwamba simu zao zina kamera nzuri, na ambao hupiga picha kwa kuipenda kazi yenyewe, bila mshahara. Katika michezo tumezoea kusema ndondi za ridhaa. Basi hawa nasi na tuwaite wapiga picha wa ridhaa. Kila wakutanapo huonyeshana picha zao, na mara nyingi hutuonyesha nasi. Nasi sote, mapadre kwa walei, hujibu neno lile lile: nzuri sana, hongera, Mungu akubariki. Kisha tunarudisha simu kwa mwenyewe na kuendelea na chai.

Tunathubutu kusema kwamba neno hilo, linapotolewa hivyo, ni uvivu uliojivika joho la upendo. Aliyeonyesha picha ametuomba macho yetu kwa dakika mbili. Tumemnyima, na juu ya hayo tumemfanya aondoke akidhani amepewa.

Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida methali hiyo husomwa kama lawama kwa mgema. Lakini hebu tujiulize habari za wanywaji. Tembo lilipoanza kutiwa maji, wao walikuwa wapi? Walikuwa pale pale barazani, vibuyu mkononi, wakiendelea kusifu.

Tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa: sisi ni watu wa heshima, na kumkosoa mtu mbele ya wenzake ni kumwaibisha. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Ila mbona hatuitumii mahali pengine? Fundi cherehani akileta gauni ambalo mkono mmoja ni mfupi, mama hangoji hata kulivua. Atamwonyesha hapo hapo, na fundi atachukua chaki. Mwalimu wa kwaya huwasimamisha waimbaji wa sauti ya tatu katikati ya wimbo, akawarudisha nyuma mara nne, mara tano, na hatujapata kusikia mtu akimshitaki kwa kukosa upendo. Seremala huambiwa kwamba mlango unagusa sakafu. Kwa nini basi mpiga picha peke yake aachwe bila neno la kweli?

Tumelitafakari swali hili, na jibu tulilolipata si la kutupendeza. Tunamwacha kwa sababu moyoni hatuamini kwamba picha ni kazi. Tunadhani mashine ndiyo ifanyayo, au kwamba mtu amezaliwa na kipaji ama hakuzaliwa nacho, na kwa hiyo hakuna cha kusahihisha. Gauni tunaliheshimu kwa sababu tunajua lilishonwa. Picha tunaisifu kwa sababu hatuoni kama kuna mkono uliofanya lolote. Sifa ya namna hiyo, ndugu zangu, ni dharau.

Na tuchukue mfano tunaoujua wote: bibi harusi, saa saba mchana, mbele ya mlango wa kanisa. Katika nchi zetu hizi zilizo karibu na ikweta, jua la saa hiyo liko karibu utosini. Mwanga hushuka wima, nyusi zikatupa kivuli juu ya macho, pua ikatupa kivuli juu ya mdomo. Gauni ni jeupe. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kwamba mbele yake kuna harusi. Kimeundwa kwa dhana kwamba mandhari yoyote, ukichanganya vyeupe na vyeusi vyake, hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha wastani. Kikikutana na gauni jeupe lililojaza picha, hudhani mwanga umezidi, nacho huupunguza. Gauni linakuwa la kijivu, na uso wa bibi harusi, ambao ni wa rangi yetu ya Kiafrika na umekwisha kufunikwa na vivuli, unatoweka kabisa. Yanabaki meno.

Kijana anatuonyesha picha hiyo. Tunasema: nzuri sana!

Ni nani angepungukiwa na nini kama angemwambia hivi: mwanangu, gauni naliona, maua nayaona, lakini macho ya bibi harusi siyaoni, ulisimama wapi, na jua lilikuwa wapi? Maneno hayo yangemfungulia mlango wa kujifunza mengi. Angejua kwamba aweza kuongeza mwanga kwa hatua moja juu ya kile kamera inachopendekeza. Kisha angegundua mwenyewe kwamba akiongeza kupita kiasi, darizi za gauni hufutika na kubaki doa jeupe tupu. Hapo ndipo angeelewa kwamba dawa hasa ni kuwasogeza maarusi hatua kumi, hadi kwenye kivuli cha baraza au cha mwembe, nyuso zao zikielekea kule kulikofunguka angani, ambako mwanga ni laini na tofauti kati ya uso na gauni si kubwa mno. Jambo hilo halihitaji kamera ya mamilioni. Lahitaji mtu mmoja aliyetazama akasema alichokiona.

Simu za siku hizi, ni kweli, hutafuta uso na kujaribu kuurekebishia mwanga zenyewe. Lakini nyingi zina na ugonjwa wake: programu za urembo ambazo hulainisha ngozi hadi ikafanana na plastiki na kuiongezea weupe. Tumepata kuonyeshwa picha ya familia ambamo binti alikuwa mweupe kuliko mama yake kwa kiasi cha kutia shaka. Waliokuwapo walisema ametakata. (Mama mwenyewe, tulivyoona, alikaa kimya.)

Hapa pana historia ambayo wapiga picha wetu yawapasa kuijua. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, maabara za kusafisha filamu zilipima usahihi wa rangi kwa kadi ya kampuni ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliiita kadi ya Shirley. Rangi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi ilitoka kama bahati ilivyotaka. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika uchunguzi alioutoa mwaka 2009, aliandika ushuhuda wa mtu aliyewahi kuongoza studio za kampuni hiyo, kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha filamu ili ionyeshe vyema rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Wao walilalamika kwamba mbao zao na pipi zao hazionekani tofauti zake. Na tuyapime hayo. Mwenye kabati alisema, akasikilizwa. Tukiendelea kuita nzuri kila picha inayoufuta uso wa ndugu yetu, tutamlaumu nani?

Wapo watakaosema kwamba ukosoaji huvunja moyo. Waweza kuvunja, naam. Lakini hebu tumtazame Julia Margaret Cameron wa Uingereza. Alipewa kamera yake ya kwanza na bintiye na mkwewe mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48, bila kufundishwa popote. Alipiga picha za nyuso kwa ukaribu, zenye ukungu kidogo, kwenye vioo alivyovisafisha kwa dawa kwa mikono yake mwenyewe, na mara nyingi vioo hivyo vilikuwa na mikwaruzo na alama za vidole. Waandishi wa majarida ya upigaji picha ya siku zile walimshambulia. Walihesabu mikwaruzo, wakamwambia hajui kulenga. Lakini alikuwa na rafiki, mchoraji George Frederic Watts, ambaye aliziangalia picha zake kwa namna nyingine. Watts alimwomba asimpelekee nakala zile za thamani zilizokwisha kubandikwa vizuri, bali ampelekee hata zile zenye kasoro, kwa kuwa hizo zingemtosha kabisa kutoa hukumu yake. Naye alimpelekea.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu waliomkosoa walikuwa wengi, na karibu wote waliyaona makosa yale yale. Mikwaruzo ilikuwapo; wale wa majarida hawakusema uongo. Tofauti ni kwamba wao waliipima picha kwa kanuni waliyokuja nayo mfukoni, na Watts aliuliza kwanza mama huyu anatafuta nini katika uso wa mtu. Leo picha za Cameron zimehifadhiwa katika makumbusho makubwa ya London, na ukungu ule uliochekwa ndio watu wanaousafiria kwenda kuutazama. Tusichukulie kwamba kila ukungu ni sanaa. Wa vijana wetu mara nyingi ni mkono uliotikisika. Lakini hilo nalo halijulikani mpaka muulizwe, ndugu mpiga picha: ulikusudia?

Basi na yule mkosoaji mkali, tusimwache apite akicheka. Kila kundi lina wake. Yeye akionyeshwa picha huuliza kwanza umetumia kamera gani na lenzi ya bei gani, kisha hutikisa kichwa. Kazi yake ni kujipima urefu kwa kusimama juu ya mabega ya wanaoanza. Huyo hajakosoa picha yoyote. Amesoma bei tu. Msichana mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo atakaa kimya mwaka mzima kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na hasara ni yetu sote.

Kukosoa kwa kujenga huanza kwa kueleza kile tunachokiona kabla ya kusema kama tumekipenda. Jicho langu limekwenda wapi kwanza? Kwenye ndoo nyekundu iliyo pembeni, wala si kwa bibi anayechambua mchele. Hapo mpiga picha amekwisha kusikia jambo ambalo yeye, kwa kumjua bibi yake, asingeweza kuliona, maana yeye alimwona bibi tu, ndoo hakuiona. Tuizungumzie picha, tusimzungumzie mtu. Tuseme kitu kinachotendeka: sogea, chuchumaa, ngoja jua lishuke, kata kingo ya kushoto. Na tukiona jambo lililofanyika vizuri, tulitaje kwa jina lake, ili alifanye tena kwa kujua.

Lipo swali moja ambalo wapiga picha wetu hawaulizani hata kidogo, nasi twaliona kuwa la kwanza kuliko yote: huyu aliyepigwa picha, alikubali? Tumeonyeshwa mgonjwa wodini, mdomo wazi, shuka limeteleza. Tumeonyeshwa marehemu ndani ya jeneza. Tumeonyeshwa mtoto mwenye kamasi na shati lililochanika, picha yenye mwanga mzuri ajabu, na waliokuwapo wakasifu mwanga. Wakosoaji walewale wanaojua kuhesabu kasoro za lenzi hawakuuliza kama mama wa mtoto yule anajua kwamba umaskini wake unatembezwa. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022; picha ya mtu ni miongoni mwa mambo ambayo sheria za namna hiyo zinayagusa. Lakini hata pasipokuwa na sheria, picha iliyoibwa haisafishwi na mwanga mzuri. Mwenzake mpiga picha ndiye mtu wa kumwambia hivyo mapema, kabla hajamwambia ndugu wa mgonjwa kwa hasira.

Mtatuuliza, kwa nini tunalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi hiki, na wao wanajifurahisha tu? Kwa sababu baada ya miezi sita ya kusifiwa, kijana wetu hukabidhiwa harusi ya mtu, na harusi hairudiwi. Na kwa sababu kila wiki tunaletewa picha za kuwekwa juu ya majeneza. Familia hupekua simu zote usiku wa msiba na kupata nini? Kipande kilichokatwa kutoka picha ya kundi, bega la mtu mwingine bado limo, uso ni giza. Mtu ameishi miaka sitini kati yetu, amepigwa picha mara mia, na zote zilikuwa nzuri sana.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi kwa wapiga picha wa parokia yetu. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili, ukumbi mdogo utakuwa wazi. Kila mmoja alete picha mbili zilizochapwa kwenye karatasi, maana kwenye kioo cha simu kila kitu hung'aa: moja anayoipenda, na moja iliyomshinda. Mwenye picha atanyamaza kwanza, wenzake waseme wanachokiona. Kisha naye ataeleza alichokitaka. Neno nzuri halitaruhusiwa mpaka msemaji aseme nini hasa ni nzuri. Tumemwomba fundi mmoja wa studio, mzee aliyeanza kazi enzi za filamu na chumba cha giza, aje kuketi nasi. Amekubali kwa sharti kwamba wale wa kupiga picha ya Komunyo ya Kwanza mwaka huu wawepo wote. Viti vipo thelathini, na chai itakuwapo.