Mbwa Wachanjwe, Wasitiliwe Sumu



Katika ofisi ya kilimo karani huulizwa mambo mengi yasiyo ya mbegu wala mbolea. Mtu huja kuuliza habari za viazi, na akisha kujibiwa haendi zake, huvuta kiti akasema, "Karani, na huyu mbwa wangu je?" Mmoja mbwa wake ala mayai. Wa pili mbwa wake abweka usiku kucha. Wa tatu mbwa wake ameraruwa kondoo wa jirani, na sasa wenye mashamba hao wawili hawaamkiani. Na liko neno jingine lisemwalo katika mikutano: kwamba dawa ya mambo hayo yote ni sumu. Nyama itiwe sumu, mbwa waishe, watu walale. Mimi nasema sivyo, na nitaeleza sababu zangu.

Kwanza yafaa tuwasikilize wasemao hivyo, maana si wajinga. Tangu Mpango wa Eka Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa vipande vipande, na leo tumepakana ua kwa ua. Mbwa atokaye kwangu jioni, kabla ya usiku wa manane amekwisha pita mashamba kumi. Mtu aliyeamka akakuta kondoo wake watatu wamelala wameraruliwa ana haki ya kukasirika, na mwenye mbwa yampasa alipe. Hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni juu ya dawa, kwa kuwa sumu haiponyi ugonjwa tuuogopao zaidi, yaani kichaa cha mbwa.

Sumu haina macho. Humwua mbwa mwema aliyechanjwa pamoja na yule mzururaji. Huua paka na ndege walao mizoga. Na kipande cha nyama kilichoachwa njiani mtoto aweza kukiokota. Tena nafasi ya mbwa waliokufa haikai tupu. Watu wataka walinzi, basi huleta watoto wa mbwa kutoka mahali pengine, na hao hawajachanjwa hata mmoja. Mbwa jike huchukua mimba siku 63 hivi, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Haupiti muda mrefu ila mbwa wamejaa tena, na safari hii hakuna mwenye kinga.

Chanjo ni kama ukanda uliolimwa kuzuia moto wa nyika. Wataalamu wameona kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, na chanjo hiyo ikarudiwa kila mara, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukazimika. Ndiyo maana Serikali ya Kenya ilianzisha mwaka 2014 mpango wa kuondoa vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulithibitishwa katika mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado watuzika watu. Mtu akisha kuonyesha dalili zake, ni kama hakuna aponaye. Na waumwao zaidi si wazee wenye fimbo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 10 waliotafunwa na wanyama washukiwao, wanne hivi ni watoto wasiofikia miaka 15. Ni watoto wetu waendao shule asubuhi na kutumwa maziwa jioni.

Basi kila mwenye nyumba azijue dalili. Mbwa mpole hugeuka mkali, au mbwa mkali hugeuka mpole kupita desturi yake. Hutafuna miti na mawe, hutokwa na mate mengi, sauti yake hubadilika, taya hulegea, miguu ya nyuma hukosa nguvu, kisha hufa kwa siku chache. Akimwuma mtu, osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha mwende hospitali siku ile ile. Msipake mafuta ya taa, wala majivu, wala dawa ya miti. Wala mtu asiseme, "Kidonda kimepona, mimi mzima." Ugonjwa huu aghalabu hukaa mwezi mmoja hata mitatu kabla ya kuonekana, na mara nyingine zaidi. Sindano za hospitali huokoa maisha zikianzwa mapema, na yapasa zimalizwe zote.

Jambo lingine wafugaji wa ng'ombe wengi hawalijui. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa naye hupata ugonjwa. Hutokwa na mate, huroroma kwa sauti ngeni, hushindwa kumeza, na hufanana kabisa na mnyama aliyekwamwa na kitu kooni. Mwenyewe humwonea huruma, akatia mkono kinywani kutafuta kiazi au mfupa. Usitie mkono! Mtenge mnyama huyo, usinywe maziwa yake, usimchinje ili aliwe, mwite Bwana Mifugo.

Sasa nijibu maswali yale ya ofisini, kwa kuwa mbwa aliyetunzwa vizuri hazururi sana, na asiyezurura ni vigumu kuambukizwa.

Wengine huuliza, "Je, chanjo haimfanyi mbwa mvivu, akashindwa kulinda?" La, haimwondolei ukali wake. Aweza kulala lala siku moja kwa uchungu wa sindano, basi. Mtoto wa mbwa apelekwe akiwa na miezi mitatu, kisha arudishwe kila mwaka. Mahali ambapo chanjo yatangazwa kwa watu wote, pelekeni mbwa wote, wadogo kwa wakubwa.

Wengine hulisha mbwa pilipili, au humfunga mnyororo mchana na usiku, wakitumaini atakuwa mkali. Pilipili humuumiza tumbo, haimfunzi kitu. Na mbwa afungwaye daima hupata woga na hasira, hata siku mnyororo ukikatika humwuma wa kwanza amwonaye, na huyo mara nyingi ni mtoto wa nyumbani. Mlinzi mwema ni yule ajuaye nani wa nyumbani na nani mgeni. Kujua huko huanza mapema, tangu wiki ya tatu hata ya kumi na nne ya maisha yake. Katika siku hizo aone watu wengi, ashikwe kwa upole, akae karibu na kondoo na kuku, akemewe mara moja anapowafukuza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo.

Mbwa alaye mayai aghalabu ana njaa, au ameachiwa mayai chini. Okoteni mayai mapema, na mbwa apewe chakula kila siku saa ile ile. Ugali mtupu haumtoshi. Changanyeni na omena au mabaki ya nyama iliyopikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa maana huvunjika kama miiba ikamchoma matumbo. Maji safi yawe karibu naye sikuzote. Yule abwekaye usiku kucha, tazameni kama ana njaa, au ameshinda amefungwa mchana kutwa bila kazi wala matembezi. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe msimmwagie mbwa kwa kukisia. Mwulizeni kwanza Bwana Mifugo, kwani yaweza kumwua.

Liko pia jambo la machinjioni. Tukichinja mbuzi au kondoo, tukaona vifuko vya maji katika maini au mapafu, wengi huyatupa kwa mbwa. Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za mnyoo mdogo sana. Mnyoo hukua tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka na mavi, hushika katika manyoya na mboga, na mtoto achezaye na mbwa huyo huyala. Kisha vifuko vile vile humea ndani ya mtu, mara nyingi katika ini. Watu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huo, lakini hauna mpaka. Matumbo mabovu yachomwe au yafukiwe shimo refu, mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na watoto wanawe mikono.

Haya yote yana gharama, nami najua mkulima ana mkopo, ana karo, ana mbolea. Kwa hiyo nasema wazi: punguzeni idadi. Mbwa mmoja au wawili walioshiba na kuchanjwa walinda shamba kuliko mbwa watano wenye njaa, ambao usiku huenda kutafuta riziki kwa majirani. Kumchanja mbwa mmoja ni rahisi sana kuliko kumtibu mtu mmoja aliyetafunwa.

Rai yangu kwa kamati za mashamba ni hii. Badala ya kuchanga fedha za sumu, kila kamati iandike orodha ya mbwa wote, na jina la mwenye kila mmoja. Iende kwa Bwana Mifugo wa kaunti na kuomba siku moja ya chanjo kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, yafaa sana. Kila mwenye mbwa apewe cheti akakihifadhi pamoja na karatasi za shamba, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku mbwa wawe ndani ya ua. Na mbwa ajulikanaye mwenyewe akiua kondoo wa mtu, mwenyewe alipe mbele ya kamati, yaishe.

Mbwa hakuomba kuja shambani kwetu. Sisi tulimleta atulinde. Nasi tukimlinda yeye, tumewalinda watoto wetu, na watoto wa jirani pia.