Presha Haipigi Hodi

Yako maneno niliyoyasikia mara nyingi nyumbani na hata hapa shuleni, ya kwamba mtu asiye na maumivu ni mzima. Mimi nasema maneno hayo yamewapoteza wengi, na yafaa sisi tusomao tuwe wa kwanza kuyaacha.

Twajua ya kuwa moyo husukuma damu katika mishipa iitwayo ateri. Ukuta wa ateri una tabaka tatu: ndani utando mwembamba ulio laini, katikati misuli yenye kunyumbuka, na nje tabaka la kuushikiza mshipa mahali pake. Moyo ukipiga, ukuta hutanuka. Ukipumzika, ukuta hurudi. Basi damu ikisukuma kupita kiasi, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, ule utando laini huumia, na mafuta yaliyomo katika damu hupata mahali pa kujipenyeza. Misuli nayo, kwa kushindana na nguvu hiyo, hunenepa, na njia ya damu huwa nyembamba. Mwisho ukuta huwa mgumu kama mpira wa baiskeli uliokaa juani siku nyingi. Hapo waweza kuziba au kupasuka. Na yote hayo huweza kutendeka pasipo maumivu.

Tumtazame Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Machi 1944 daktari wa moyo alimpima akaona 186 kwa 108. Siku hizi hata 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa juu. Tarehe 12 Aprili 1945 alikuwa ameketi akichorwa picha, akalalamika kuwa kichwa chamwuma sana, akazimia, akafa siku ile ile kwa damu kuvuja ubongoni. Alikuwa na miaka 63. Hakukosa madaktari; alikosa dawa, maana vidonge vizuri vya kuishusha presha vilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sisi twazo dawa. Kosa letu ni lipi? Baba yangu mdogo alipimwa, akapewa vidonge, akavimeza miezi miwili. Alipojiona hana neno akaviacha, akasema fedha ile heri iongezwe katika karo yangu. Leo mkono wake wa kulia hauwezi kuinua kikombe. Karo ililipwa, nami nasoma. Lakini kila nishikapo kalamu naukumbuka mkono ule.

Wako wasemao kuwa presha ni maradhi ya matajiri na wazee. Si kweli. Huwapata wakulima pia, na vijana wengine, na karibu nusu ya watu wazima wenye presha ulimwenguni hawajijui kuwa wanayo. Atajijuaje mtu asiyepimwa?

Kwa hiyo natoa shauri. Kila mwaka wazee wetu waliosoma hapa huja kucheza mpira nasi, kisha tukala pamoja. Mwaka huu, kabla ya mchezo, kila mmoja wao akae kitini apimwe mkono. Ni kazi ya dakika chache, nayo haiumi. Nasi wanafunzi, twendapo likizo, tupeleke nyumbani habari tatu: dawa ya presha haiachwi bila shauri la daktari, chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na tumbaku huuharibu ukuta ule ule wa mishipa.

Najua wengine watacheka, wakisema mtoto hamfundishi mzee. Lakini mzee ndiye aliyetuleta shule tujifunze, na elimu isiyomfaa aliyeilipia ni elimu gani?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa nyumba una fundi wa kuujenga tena. Mkono wa baba mdogo haukumpata.