Kwa Njia Zetu, Chukua Gari Jepesi

Mhariri, naomba nafasi katika jarida la chama chetu nitoe maoni juu ya jambo ambalo limewagawanya vijana wengi kuanzia hapa Miasenyi, Maungu mpaka Voi. Jambo lenyewe ni hili: mtu akipata pesa kidogo na anataka gari la mbio, la kupita nalo njia za ndani na kwenda nalo kwenye mashindano ya vumbi, achukue gari gani? Wengi watakujibu hata kabla hujamaliza swali, "Subaru yenye tabo, basi!" Mimi nasema hapana. Achukue gari dogo, jepesi, hata kama injini yake ni ya lita 1.3 tu. Najua nitachekwa, lakini anayecheka na asome kwanza.

Tuanze na njia zenyewe. Ukiacha lami ya Mombasa hapo Maungu ukaelekea Buguta na Kasigau, unaingia kwenye mchanga mwekundu na kokoto. Mahali pengine barabara ina mikunjo kama bati la nyumba, na meno yanagongana mdomoni. Mvua ikinyesha ule udongo unakuwa sabuni. Ukienda upande wa Mwatate kupanda Wundanyi, hapo ni kona juu ya kona. Sasa niambieni, katika njia kama hizi ni wapi mtu atakanyaga mafuta mpaka mwisho akahesabu sekunde kumi bila kushika breki? Hakuna. Nguvu kubwa ya injini inataka barabara ndefu iliyonyooka, na sisi barabara ya namna hiyo tunayo moja tu, nayo ni ya malori.

Historia yetu wenyewe inanitetea. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa ikishuka huku pwani na kupita milima ya Taita. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 tena yakafika 7. Hebu tazama magari yaliyokuwa yakishinda. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa mashindanoni na mtu mwingine, yaani ni mtumba kama wetu. Mwaka 1974 akashinda kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, na mwaka 1976 akarudia kwa Lancer. Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973 walishinda kwa Datsun 240Z, gari la watu wawili, refu mbele, fupi nyuma, lenye uzito wa kama tani moja hivi. Hilo lilikuwa gari la michezo hasa, la kutembelea mjini na kujionyesha, lakini lilipewa springi na kinga ya chuma chini ya injini likapita matope yaliyoshinda magari mazito. Mehta alishinda mara tano kwa jumla, na mara nne za mwisho, kuanzia 1979 mpaka 1982, zilikuwa kwa Datsun ya kawaida ya familia iliyotengenezwa vizuri.

Kuna wanaosema eti bila magurudumu yote manne kuvuta hufiki popote. Kumbe mpaka mwaka 1987, Hannu Mikkola aliposhinda na Audi, hakuna gari la kuvuta magurudumu manne lililokuwa limewahi kushinda Safari! Toyota Celica iliyoshinda 1984, 1985 na 1986 ilikuwa inasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Baada ya hapo mambo yalibadilika, sikatai. Lakini mtu asinipe hadithi kwamba babu zetu walikuwa wakitazama magari yamekwama.

Gari ninalolipenda kuliko yote katika habari hizi ni dogo mno. Mwaka 1993 kampuni ya Subaru, hiyo hiyo ya wapenzi wa tabo, ilileta Safari gari linaloitwa Vivio. Injini yake haikufika hata lita moja, ilikuwa sentimita za ujazo 658, ndogo kuliko ya baadhi ya pikipiki kubwa. Lilikuwa na mtambo wa kusukumia injini hewa, magurudumu manne ya kuvuta, na uzito wa kama kilo 700. Ukilitazama utafikiri ni la mtoto kuchezea uani. Colin McRae wa Scotland, ambaye mwaka 1995 alikuja kuwa bingwa wa dunia, aliendesha moja na hakumaliza. Mkenya mwenzetu Patrick Njiru aliendesha jingine, akamaliza, akawa wa 12 kati ya wote na wa kwanza katika daraja lake la magari madogo. Mwaka huo Toyota Celica zilichukua nafasi nne za kwanza, ni kweli. Lakini hizo zilikuja na mafundi wao, helikopta zao na spea za kujaza ghala. Swali langu kwa msomaji ni hili: wewe wa Miasenyi unafanana na nani, na kampuni ya Toyota au na Vivio ya Njiru?

Sasa niingie katika fizikia kidogo, wanaolikimbia somo wanisamehe. Watu hudhani gari jepesi husimama haraka kwa sababu ni jepesi. Si hivyo. Kwa hesabu tupu, tairi zikishika barabara sawasawa, tungamo linajikata pande zote mbili na umbali wa kusimama ni ule ule. Tofauti iko kwenye joto. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mara kasi, na nishati hiyo yote ukifunga breki inageuka joto katika diski na viatu vya breki. Toyota Starlet ya miaka ya 1990 ina uzito wa karibu kilo 800. Impreza ya tabo ya miaka hiyo ni kama kilo 1,200 na zaidi. Kwa mwendo ule ule, Impreza inazipa breki zake kazi mara moja na nusu. Shuka nayo kutoka Wundanyi mpaka Mwatate kwa haraka, kona baada ya kona, halafu simama unuse magurudumu. Na lile gari zito likiingia shimoni, ni shokomzoba na bushi zinazobeba uzito wote huo. Kila shimo ni pigo, na kila pigo linaandikwa mahali. Mwisho wa mwezi utalisoma kwa fundi.

Najua hilo kwa sababu kaka yangu ni fundi wa magari mjini Voi. Tangu amalize shule ameweka akiba, na ndoto yake ni kushindana. Siyo kushangilia pembeni, kushindana. Mama amekubali mbuzi sita wauzwe wamwongezee. Sasa kuna magari mawili yanayouzwa, Impreza kuukuu yenye tabo na Starlet nyeupe isiyo na hata redio, na bei zake hazipishani sana, maana hiyo Impreza imekwisha kuchoka. Marafiki zake wote wanamwambia achukue Impreza. Wanasema, "Hiyo ingine ni ya walimu." Lakini hao marafiki hawatamnunulia kitu. Injini ya tabo inataka oili nzuri na mapema, inataka petroli isiyochezewa, na ikishika joto huku kwetu, ambako saa nane mchana hata mjusi anatafuta kivuli, inadai zaidi. Gia-boksi yake ikivunjika ni pesa za mbuzi wengine sita, na mbuzi hao hawapo. Karo yangu ya kidato cha nne ipo. Kwa hiyo nikisema gari jepesi, sijifanyi mtaalamu wa bure. Nina langu ndani ya jambo hili. Starlet inatumia tairi ndogo za rimu za inchi 13, inakunywa mafuta kidogo, na injini yake fundi yeyote wa jua kali anaijua.

Mama naye ana hoja yake, na ni nzito kuliko za vijana. Alisema, "Mwanangu, hilo gari dogo si ni kama kopo la Kimbo? Lori likiligusa itabaki nini?" Kaka alinyamaza. Mimi nilifikiri usiku kucha. Ni kweli, katika barabara kuu ya Mombasa gari dogo likigongana na trela, haliwezi kitu. Lakini Impreza nayo ikigongana na trela kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa haiwezi kitu vilevile, na ni Impreza inayomshawishi kijana afike hiyo 150. Tena tusisahau ndovu wa Tsavo, ambaye havai taa za nyuma. Jibu la mama, kwa maoni yangu, si gari zito. Jibu ni kwamba mbio zisifanyike pale kabisa. Zifanyike katika njia iliyofungwa, kuna kibali cha Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, ambulensi imesimama, dereva amevaa helmeti na mkanda wa mabega yote mawili, na ndani ya gari kumechomelewa kizimba cha mabomba ya chuma. Kizimba hicho kinaongeza uzito, ndiyo, lakini uzito huo usiuonee uchungu. Toa kiti cha nyuma, toa zulia, toa spika, utaurudisha.

Wapo wachache, hasa wale wanaosoma magazeti ya ng'ambo, wanaoniambia, "Kama unataka wepesi, nunua Mazda MX-5." Kusema kweli ni gari zuri sana, la wazi juu, la watu wawili, na lile la kwanza la mwaka 1989 halikufika hata tani moja. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka minane, kwa hiyo hayo ya zamani yaliyo rahisi huwezi kuyaagiza, na mapya hatuyawezi. Isitoshe chini liko karibu na ardhi mno. Njia ya Kasigau italikwangua tumbo siku ya kwanza. Porsche 911 nayo ilishika nafasi ya pili Safari mwaka 1972, 1974 na 1978 bila kuipata ya kwanza hata mara moja. Ilingoja mpaka yalipoanzishwa mashindano ya magari ya zamani mwaka 2003, ambayo yamepita mara nyingi katika kaunti yetu, na mwaka 2011 Björn Waldegård akashinda nayo akiwa mzee wa zaidi ya miaka 65. Gari lile lile, lakini safari hii limeinuliwa na kuimarishwa kwa ajili ya njia zetu. Mnaona basi? Kwanza angalia njia, halafu ndipo utazame picha ya gari.

Starlet ina udhaifu wake na sitaki kuwaficha. Inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukiingia kona na mwendo mwingi inakwenda moja kwa moja kichakani usukani ukiwa umekatwa wote. Lazima ujifunze kupunguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake. Kwa kijana anayeanza naona hiyo ni faida, maana gari lenye nguvu nyingi linamfichia dereva makosa mpaka siku linapokataa kuyaficha. Na katika mchanga magurudumu ya mbele yana uzito wa injini juu yake, hivyo yanashika kuliko watu wanavyofikiri.

Kaka amesema atakwenda kuiangalia Starlet Jumamosi hii. Nimemwomba apige magoti kwanza atazame kutu chini ya milango na pale springi za nyuma zinaposhikana na bodi, kabla hata hajafungua boneti. Asikilize injini ikiwa baridi, siyo baada ya mwenyewe kuipasha moto. Na wakimwongezea bei kwa ajili ya rimu za kung'aa, awaachie rimu zao.